Gauni la L lililokwama mabegani: kuagiza nguo China kwa wakala bila kuingia mkenge

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nimejiwekea laki tano, nataka kuanza kuagiza nguo China kupitia wakala niliyemwona Instagram. Nyingine ziwe zangu, nyingine niwauzie walimu wenzangu. Kinachonitia hofu ni yaliyompata rafiki yangu. Aliagiza gauni saizi L, ambayo ndiyo anavaa siku zote, likakwama mabegani. Halafu alipokwenda Kariakoo kuchukua mzigo akaambiwa alipe kargo iliyozidi bei ya gauni lenyewe. Yeye anasema alitapeliwa. Mdogo wangu anaolewa katikati ya Desemba, na gauni la kuvaa siku hiyo ndilo nilitaka liwe la kwanza kuagiza. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana kwa jinsi ulivyoeleza sioni utapeli. Naona gauni lililonunuliwa kwa kusoma herufi badala ya namba, na pisi moja iliyosafirishwa peke yake. Inawezekana kabisa wakala wake alifanya kila alichoambiwa, na tatizo lilikuwa kwenye alichoambiwa.

Watu wengi wanaoanza humchukulia wakala kama mwenye duka. Mwenye duka ana nguo zake, anazijua, na ukirudi na lawama unamkuta palepale. Wakala hana nguo. Ni mikono na macho uliyoyakodi huko China: wewe unachagua, yeye analipia, anapokea, anafungasha na kusafirisha. Usipomwambia aangalie kitu, hakiangalii, na wala hajakosea. Nimepokea mizigo ya watu ghalani Guangzhou kwa muda mrefu kabla ya kurudi Dar, na ninachoweza kukwambia ni kwamba karibu kila kosa la mgeni linarekebishika mpaka mzigo unapotoka kwenye ghala lile. Ukishapakiwa kwenye ndege au meli, imetoka hiyo.

Kwanza ujue unanunua wapi hasa. Nguo nyingi unazoziona kwenye kurasa za Instagram zimetoka kwenye masoko matatu ya mtandaoni. Taobao, lililoanza mwaka 2003, ni la rejareja. 1688 ni la jumla, na yote mawili ni ya Alibaba. Humo utakuta viwanda na wauzaji wa jumla wa Guangzhou, Hangzhou, Yiwu na kwingineko. Pinduoduo lilianza mwaka 2015 na linajulikana kwa bei za chini kabisa. Haya ni masoko ya Wachina kuuziana wenyewe. Maelezo ni ya Kichina, bei ni ya yuan, malipo ni Alipay au WeChat, na muuzaji anapeleka mzigo kwenye anwani ya hukohuko China. Ndiyo maana wakala yupo. Usiyachanganye na Alibaba.com, ambayo imewekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa nje na mara nyingi inataka ununue kwa wingi. Kwa mtaji wako na pisi chache, Taobao inakutosha. Siku utakayotaka gauni moja kwa rangi na saizi mbalimbali, pisi kumi na kuendelea, hapo hamia 1688.

Sasa tuje kwenye ile L.

Saizi za herufi hazina maana yoyote mpaka ujue ni za nani. Nguo za Taobao zinakatwa kwa miili ya wateja wa Taobao, na magauni ya kisasa ya wasichana yanakatwa kwa wasichana wembamba. Ukishuka chini ya picha za bidhaa utakuta jedwali. Mfano wa kawaida kabisa unasomeka hivi: S ni 80–95斤, M ni 95–105斤, L ni 105–115斤, XL ni 115–125斤. Mgeni anaona 115 anasema, aa, mimi nina kilo 74, L itanipwaya hata. Ile alama 斤 inasomwa jin, na jin moja ni nusu kilo. Kwa hiyo L ya jedwali lile inaishia kwenye kilo 57 na nusu. Mtu wa kilo 74 ana jin 148, na kwenye jedwali lile hayumo kabisa, hata kwenye XL. Programu za kutafsiri za kwenye simu nazo zinachanganya. Mara nyingine huandika paundi, mara nyingine namba inabaki peke yake bila kipimo. Ukutane na hiyo alama, gawa kwa mbili, umemaliza. Naweza kukuwekea dau kuwa gauni la rafiki yako lilikwamia hapo.

Ndugu yake ni 均码, yaani saizi moja kwa wote. Hao wote wanaosemwa ni wateja wa pale, ambao wengi hawavuki kilo 60. Kama huna umbo hilo, achana nayo hata kama mtu wa kwenye picha linampendeza vipi.

Uzito lakini ni dokezo tu, haukati shauri. Watu wawili wa kilo 74 wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa, na sisi wengi wetu mwili uko nyongani. Kinachokata shauri ni sentimita. Chukua tepu ya fundi, tandika kitandani gauni lako linalokukaa vizuri kuliko yote, ulipime: upana wa mabega kutoka mshono hadi mshono, kifua chini ya kwapa, kiuno, nyonga, urefu. Andika. Kisha jipime mwili wako kwenye sehemu hizohizo, uandike pembeni. Hizo ndizo namba zako za kuagizia, zihifadhi kwenye simu. Kwenye jedwali la muuzaji utafute maneno haya: 肩宽 ni upana wa mabega, 胸围 ni mzunguko wa kifua, 腰围 ni kiuno, 臀围 ni nyonga, 裙长 ni urefu wa gauni. Huhitaji kujua Kichina, unalinganisha maumbo tu.

Kuna mitego miwili humo. Wauzaji wengine wanapima nguo ikiwa imelazwa, kwa hiyo ukikuta kifua 46 kwenye gauni la mtu mzima ujue ni upande mmoja. Mzunguko ni 92. Na karibu kila jedwali lina sentensi chini inayosema vipimo vimechukuliwa kwa mkono, vinaweza kupishana sentimita 1 hadi 3. Wanamaanisha. Kama nyonga zako ni 108 na gauni limeandikwa 108, umeshakosa. Kwa kitambaa kisichovutika, hasa satini na shifoni, mimi nataka gauni lizidi mwili sentimita 5 au 6 kifuani na zaidi kidogo nyongani, maana utakaa, utainama, utacheza. Kitambaa cha kuvutika kinaweza kulingana na mwili au hata kupungua kidogo, lakini kiulizwe kama kweli kinavutika. Mabega ndiyo sehemu isiyosamehe. Kiuno fundi anakirekebisha, bega likibana hakuna fundi.

Viatu ni rahisi zaidi. Wachina wana namba ya urefu wa mguu kwa milimita: 240 ni 38, 245 ni 39, 250 ni 40. Simama jioni mguu ukiwa umetanuka, kisigino kikiwa ukutani juu ya karatasi, chora alama kwenye kidole kirefu, pima. Kama mguu wako ni mpana, panda namba moja, na viatu vya mchuchumio vilivyochongoka mbele viache kwanza mpaka uwe umeshaijua saizi yako ya China.

Nikupeleke kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotoka wakilia kuwa wameibiwa. Bei unayoiona kwenye picha ni mwanzo wa bei. Tena mara nyingine hata mwanzo siyo: ukurasa unaonyesha yuan 9.9, ukigusa kuchagua rangi na saizi unakuta ile 9.9 ni ya mkanda wa kiunoni, gauni lenyewe ni 68. Na kwenye 1688 bei hushuka kwa kadiri ya wingi, kwa hiyo ile inayong'aa inaweza kuwa ya anayechukua pisi mia. Gusa rangi yako, gusa saizi yako, ndipo usome bei.

Tuseme gauni ni yuan 68 na yuan ya benki ni shilingi 370. Kichwani unapata elfu 25 na kidogo. Sasa fuata pesa inavyokwenda. Muuzaji anatoza kupeleka gauni mpaka ghala la wakala, tuseme yuan 8, zimekuwa 76. Wakala hakupigii yuan kwa bei ya benki, anakupigia kwa 400, na hapo ameshapata chake cha kwanza. Inakuwa 30,400. Anaongeza asilimia 10 ya kazi yake, inakuwa 33,440. Kargo ya ndege tuseme ni 30,000 kwa kilo. Gauni lina gramu 450, ungetegemea kulipa 13,500. Lakini watu wengi wa kargo hawatozi chini ya kilo moja, kwa hiyo unalipa 30,000. Jumla 63,440. Gauni la elfu ishirini na tano limekuwa la elfu sitini na tatu, na hakuna aliyeiba. Ukiweka magauni mawili kama hayo kwenye kifurushi kimoja, gramu 900, kargo inabaki ileile 30,000, na kila gauni linashuka mpaka 48,440. Namba zangu ni za mfano, za kwako zitatofautiana, ila mtiririko ni huohuo.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti muulize wakala maswali haya kwa maandishi, WhatsApp inatosha: yuan unanipigia kwa ngapi, unatoza asilimia ngapi, kiwango cha chini cha kargo ni kiasi gani, kodi na kutoa mzigo bandarini au uwanja wa ndege viko ndani ya bei ya kilo au pembeni. Hilo la mwisho usiliruke. Nguo zinazoingia Afrika Mashariki kutoka nje ziko kwenye daraja la juu la ushuru wa forodha, asilimia 35, tangu Julai 2022, na juu ya hapo Tanzania Bara kuna VAT ya asilimia 18. Kargo nyingi za Kariakoo zinakuwekea kila kitu ndani ya bei ya kilo. Lakini ukiletewa kwa kampuni za vifurushi vya haraka, mara nyingi utapigiwa simu kuwa mzigo umefika na kodi bado.

Na uzito nao una mambo yake. Ndege inatoza kilo au ukubwa, chochote kilicho kikubwa. Kanuni ya kawaida ya kargo ya ndege ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000. Boksi la viatu la sentimita 33 kwa 21 kwa 12 linatoka karibu kilo 1.4, hata kama viatu ndani yake ni gramu 700. Mkoba mkubwa uliojazwa makaratasi usipoteze umbo unaweza kutoka kilo tatu za hewa. Mwambie wakala atoe maboksi ya viatu, mkoba ambao hauna mfupa autoe makaratasi na kulaza. Kwa meli kinachohesabiwa ni ujazo, wanaita CBM, yaani mita moja ya ujazo, na nguo zilizobanwa vizuri huko ndiko kwenye nafuu. Ila meli ni ya mwenye subira: mwezi mmoja ni bahati, miezi miwili ni kawaida.

Tuingie ghalani. Sheria ya China ya kumlinda mlaji, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 2014, inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, isipokuwa vitu vya aina fulani, kama vilivyoshonwa kwa oda maalumu. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa mzigo unapopokelewa. Na anayepokea ni nani? Ni kijana wa ghala la wakala wako, Guangzhou. Wewe ukifungua mfuko Morogoro wiki mbili baadaye, au miezi miwili baadaye kama ni meli, saa ilishakwisha zamani. Ndiyo maana nasema nguo inakaguliwa kule, wala si huku.

Kabla ya oda mwambie wakala hivi: mzigo wangu ukifika ghalani nipigie picha ndani ya siku mbili, usiusafirishe mpaka nijibu. Wengine wanafanya bure, wengine wanatoza kidogo. Lipa. Halafu usiridhike na picha ya mfuko uliofungwa wenye karatasi ya namba. Omba picha nne: lebo ya saizi, gauni limelazwa na tepu imepita kifuani namba zikisomeka, gauni zima karibu na dirisha ili uone rangi halisi, na zipu ikiwa imefunguliwa na kufungwa. Kama ni pisi nyingi, ziwe zimepangwa unaweza kuzihesabu. Tepu ikionyesha kifua 43 wakati jedwali lilisema 46, rudisha, nauli ya kurudisha ndani ya China ni ndogo kuliko kargo ya kuleta Dar nguo usiyoweza kuvaa. Lebo za nguo zisikatwe, maana bila lebo muuzaji atagoma. Kwenye 1688, kwa kuwa ni jumla, usitegemee sheria peke yake. Angalia kama muuzaji ameandika mwenyewe kuwa anapokea marejesho, na kama hakuandika, agiza pisi moja ya sampuli kwanza.

Kuhusu picha za dukani, picha moja ileile unaweza kuikuta kwa wauzaji hamsini. Mmoja ndiye aliyempiga msichana yule picha na ndiye mwenye gauni lile. Wengine wamechukua picha na kushona kinachofanana. Bonyeza alama ya kamera kwenye programu, weka picha ya gauni unalolitaka, tazama bei zinavyopishana. Wengi wakiwa yuan 70 hadi 90 na mmoja yuko 29, yule wa 29 anauza picha. Kitambaa chake kitakuwa chepesi kiasi cha kuona kiganja upande wa pili. Hapo ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na wanamlaumu wakala. Shuka kwenye maoni ya wanunuzi ukatafute picha walizopiga wenyewe nyumbani, zile zenye mwanga mbaya na kitanda kisichotandikwa. Hizo ndizo gauni lenyewe. Kwenye 1688 angalia pia duka lina miaka mingapi na asilimia ya wateja wanaorudi kununua tena, vyote vinaonyeshwa. Na wakala mtumie linki, rangi na saizi kwa maandishi. Skrinishoti peke yake inampa uhuru wa kununua popote palipo rahisi, na atatumia uhuru huo.

Mwambie pia asome kama bidhaa ni ya 预售. Maana yake gauni bado halijashonwa, wanakusanya oda kwanza; linaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kabla halijatoka hata kiwandani.

Haya, na huyo wakala wa Instagram? Simjui, siwezi kumsema. Lakini mtu wa kweli anajulikana kwa vitu vichache. Ana jina la biashara ambalo unaweza kulitafuta mtandaoni BRELA, wanakosajili biashara. Ukituma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla hujathibitisha linalingana na la biashara au la mtu aliyekutajia. Akishanunua anakupa picha ya oda yenye namba yake, na muuzaji akishatuma anakupa namba ya kufuatilia kifurushi cha ndani ya China, ambayo unaweza kuiingiza mwenyewe kwenye tovuti za SF Express, ZTO au YTO ukaona kimefika wapi. Anayeshindwa kukupa hiyo namba hajanunua kitu. Maoni yakiwa yamefungwa kwenye ukurasa wake, bei zake zikiwa za "leo tu", au akitaka hela yote pamoja na kargo kabla hata mzigo haujapimwa, mwache apite. Kargo inalipwa mzigo ukishapimwa, na wengi wetu tunalipia ukishafika Dar.

Mkubaliane pia, kwa maandishi hayohayo, mzigo ukipotea njiani analipa nini. Wengine watakwambia wanarudisha bei ya bidhaa, wengine mara mbili au tatu ya kargo, wengine hawarudishi kitu. Jibu lolote ni afadhali kuliko kulijua siku umepotea.

Laki tano zako zote usimpe mtu wa kwanza siku ya kwanza. Toa laki moja na nusu, agiza nguo tatu zako mwenyewe, uone mwendo wake: anajibu saa ngapi, picha anapiga vipi, kilo alizokwambia zinalingana na za mizani ya huku? Iliyobaki ikae. Hao walimu wenzako kwa sasa waonyeshe tu umevaa. Usichukue pesa ya mtu kabla hujapokea mzigo wako wa kwanza mkononi, maana mzigo ukichelewa China wewe ndiye unayekutana naye kila asubuhi chumba cha walimu. Na utakapoanza kuwachukulia oda, kila mtu apimwe kwa tepu, hakuna cha "mimi navaa 14". Fungua daftari: jina, vipimo, bei ya yuan, gramu, alicholipa, anachodaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nguo za kuchanga ndizo zinazopotea kuliko zote, kwa sababu kargo moja inagawanywa kwa watu sita na kila mmoja anadhani amelipa zaidi.

Jambo moja la haraka: mikoba na raba zenye majina makubwa kwa bei ya yuan 60 ni feki, na kila mtu kwenye mnyororo anajua. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza, Tume ya Ushindani inazikamata, na mzigo wako halali uliofungwa pamoja nazo unaweza kushikwa nazo. Nunua visivyo na jina. Saa za betri na manukato navyo usivichanganye na nguo za ndege, vina utaratibu na bei yake.

Limebaki gauni la harusi. Wiki ya kwanza ya Oktoba China nzima iko likizo ya Siku ya Taifa, wauzaji na maghala wengi wanasimama. Tarehe 11 Novemba ni lile tamasha la punguzo lililoanzishwa na Alibaba mwaka 2009. Bei zinashuka lakini vifurushi vinajazana kila mahali, na baada ya hapo ndege zinabanana na mizigo ya Krismasi. Kwa hiyo meli kwa gauni hili usiifikirie, na Novemba usiifikirie. Chagua gauni Septemba, ambalo si 预售, wakala alinunue kabla ya mwisho wa mwezi au mara tu baada ya likizo, lije kwa ndege. Likikataliwa ghalani utakuwa na muda wa kuagiza lingine.

Kati ya saizi mbili chukua kubwa. Nguo za viwandani zinashonwa na kushonelewa ukingoni kwa ovaloki, mshono ni mwembamba, ndani hakuna kitambaa cha kuachia. Fundi anaweza kupunguza, kuongeza hana cha kuongezea. Tenga elfu kumi au kumi na tano ya fundi kwenye bajeti tangu mwanzo, na ukienda kwake nenda na viatu utakavyovaa siku hiyo, akupimie urefu ukiwa umevivaa.